Kifumbu cha Kahaso

Mwaka wa arobaini na saba, kama lori lako la dizeli limekukatalia njia popote kati ya Changamwe na Mazeras, watu wangekwambia umtafute Gershom Mwarandu, na kabla hujaondoka wangekuonya: ukifika kwake, nyamaza. Usimweleze ugonjwa wa gari. Ukianza tu, "Fundi, lagonga upande huu," atakukata kauli: "Umelileta kwa mganga, ama umekuja kuganga wewe?" Wako watu ambao ukali wao ni wa juu juu, ukishawazoea waona ndani ni wapole. Gershom hakuwa hivyo. Alikuwa mkali ndani na nje, na mimi sitakupakeni mafuta kwa mgongo wa chupa kwa sababu tu mwenyewe amekwisha kufa.

Alizaliwa Rabai, akasoma kwa wamisheni hadi darasa la nne, kisha mwaka wa thelathini na nne akateremka Changamwe kutafuta riziki. Akapata kazi kwenye gereji moja ya malori, kazi ya kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Fundi mkuu wa wakati ule alikuwa mtu asiyemfunza mtu. Akifungua injini, huwageuzia wote mgongo. Basi Gershom akajifunza kwa masikio. Alichukua kijiti, ncha moja akaiweka kwenye chuma cha injini inayonguruma, ncha ya pili akaiuma kwa meno, akasikiliza beringi moja baada ya nyingine mpaka akazijua sauti zake. Vita vilipokuja, yule fundi akaenda zake. Meneja, Mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kidevu, akatazama huku na huku, akaona hana mwingine. Gershom akawa fundi mkuu, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo pale, na tangu siku ile shingo yake haikuinama tena.

Kilichompandisha zaidi kilikuwa kifumbu. Wakati wa vita oili mpya ilikuwa haipatikani. Ile chafu iliyotolewa kwenye injini ilimwagwa ndani ya pipa, ikaachwa wiki mbili itulie, kisha ikachujwa na kurudishwa garini. Kuchuja kwataka kitambaa, na siku zile nguo ya kuvaa yenyewe ilikuwa shida, sembuse ya kuchujia oili. Siku moja Gershom akaja kazini na kifumbu cha mkewe, kile kimfuko cha ukindu ambacho kila nyumba ya Pwani inacho, cha kukamulia nazi. Akamimina oili humo. Taka zikabaki ndani mfano wa machicha, oili ikatoka chini nzuri kabisa. Bwana Kidevu alifurahi, akafurahi tena. Kila mgeni aliyefika alipelekwa kuonyeshwa kifumbu kinachoning'inia msumarini kando ya pipa, na Gershom akisimama pale pale, kifua mbele. Vita vikaisha, kitambaa cha marekani kikarudi madukani, lakini Bwana Kidevu alikwisha onja utamu wa kutonunua oili, na Gershom alikwisha onja utamu wa kusifiwa. Kifumbu kikabaki msumarini.

Aliyechoka na mambo hayo ni Kahaso, mkewe. Walikaa Magongo, nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, na kila miezi michache kifumbu cha jikoni kilitoweka. Mwaka ule wa arobaini na saba, Gershom alipokuja kutafuta kingine, Kahaso alimtupia cha zamani.

"Chukua hicho. Nilikuwa nakitupa."

"Kina nini?"

"Kimechakaa. Chatoa nyuzi. Jana tumekula mchuzi wa ukindu, wewe mwenyewe umekaa hapo ukichokoa meno."

"Injini haichokoi meno," akasema Gershom, akakikunja kwapani, akaenda kazini.

Kahaso akaguna tu. Mume mjuzi hafunziwi na mkewe, au siyo?

Mwezi ule ule akaja Nicanor. Huyu alikuwa dereva kutoka upande wa Kisumu, mtu mrefu, mwenye mabuti ya jeshi ambayo hakuyavua hata siku za joto. Aliendesha malori ya vita Abisinia na Bama, yaani Burma, na hilo hakumwachia mtu alisahau. Siku ya kwanza kuingia gereji akaona kifumbu, akasimama, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Hii ni kitu ya mama ya kupika! Jeshi, oili tulichuja na kitambaa safi, na kama kitambaa hakuna, hatuchuji. Nyinyi hapa mnapikia gari mchuzi?" Akamgeukia Gershom. "Wewe ndio Fundi Nazi?"

Watu wakacheka. Wale wale waliokuwa wakimwogopa Gershom kwa miaka wakacheka, na jina likamganda. Fundi Nazi. Lilifika Magongo kabla yake. Jioni ile watoto walimwita hivyo njiani. Gershom alimchukia Nicanor kwa chuki safi isiyochanganywa na kitu. Alikichukia Kiswahili chake kinachokwenda chopi, akayachukia mabuti yake na hata namna alivyotafuna muwa. Usiniulize kama haki ilikuwa hivyo. Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa sikiliza jambo la injini, maana ndiko kwenye kiini. Ndani ya dizeli chuma chasuguana na chuma, na kati yao pana utando wa oili unaosukumwa na pampu. Msukumo ukipungua, vyuma vyajila vyenyewe, na injini iliyojila haina dawa. Kwa hiyo kila lori lilikuwa na geji mbele ya dereva, na juu ya kioo chake Bwana Kidevu alichora mstari mwekundu kwa mkono wake. Amri ilikuwa moja: mshale ukishuka chini ya mstari, zima papo hapo, hata kama uko katikati ya mlima.

Nicanor alipewa lori namba mbili. Wiki moja baada ya kubadilishiwa oili, akazima kwenye mlima wa Mazeras. Akavutwa kurudishwa gereji. Gershom akaliwasha, mshale ukapanda sawasawa. Siku nne baadaye akazima tena, pale pale. Jumanne iliyofuata, mara ya tatu, na safari hii shehena ya saruji ililala njiani, mvua ikainyeshea.

Bwana Kidevu alitoka ofisini uso mwekundu. "Gershom! Lori ni gonjwa, au dereva ni mwongo? Nataka jibu."

Jumatano kutwa nzima Gershom alilikagua. Akachomoa kijiti cha kupimia, oili ilikuwa imetimia. Akaisugua kwa vidole, akainusa, isije ikawa dizeli imevuja ndani ikaipunguza uzito. Haikuwa na harufu. Huenda geji ndiyo mbovu: akaazima geji ya namba nne, akaifunga, ikasema yale yale. Akafungua vali ya msukumo, akatazama springi yake, nzima. Akauma kijiti chake, akasikiliza beringi, zimetulia. Akaliacha lingurume uani nusu saa. Mshale ulisimama juu kama uliopigiliwa msumari.

Mafundi wenzangu mliomo humu mwajua alichokosa. Lori lisilo na mzigo, lililosimama uani, si lori lililobeba tani tano kupanda Mazeras jua la saa saba. Gershom naye alilijua hilo. Alikuwa akiwafokea wengine kwalo. Lakini siku ile hakutaka kulijua. Alikuwa na jibu tangu Jumanne, na kazi yote ile ilikuwa ya kulitafutia mashahidi.

Akaingia ofisini. "Bwana, lori zima. Injini haisemi uongo. Mtu ndiye asemaye uongo."

Bwana Kidevu akatoka, akawakusanya madereva wote uani. Nicanor atafukuzwa Jumamosi, akasema, na kipande chake kitaandikwa kwamba ni mwongo na mvivu. Mwingine atakayezima Mazeras bila sababu atamfuata. Nyinyi wa leo hamkijui kipande. Kilikuwa karatasi uliyotembea nayo ndani ya kibati kilichofungwa shingoni, kila tajiri akiandika humo alivyokuona. Kikichafuliwa, hupati kazi Mombasa nzima, na usipokuwa na kazi wakamatwa na kurudishwa kwenu. Nicanor alikuwa na mke na watoto watatu huko bara waliokula kwa mshahara ule.

Dereva mmoja, Mwidani wa Mtongwe, mwenye namba nne, alikuwa amesimama nyuma kabisa. Mkewe alikuwa na mtoto wa mwezi mmoja. Nilivyosikia, alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno la Bwana, "Ndiyo bwana, ndiyo bwana," na yeye hajaulizwa.

Nicanor hakumtazama Bwana Kidevu. Alimwendea Gershom, akasimama karibu hata pumzi zao zikakutana.

"Fundi Nazi. Ijumaa panda na mimi mpaka Mazeras, gari na mzigo. Mshale ikikataa kushuka, mimi mwenyewe nitaondoka, hata kipande nitampa Bwana aandike na makaa."

"Mimi sina haja ya kupanda na mwongo."

"Unaogopa."

Neno lile mbele za watu! Gershom akasema atapanda, na kama mikono yake isingekuwa na spana, angemtia kofi.

Alhamisi akafanya kazi zake nyingine akinung'unika peke yake. Akabadilisha oili ya namba nne, akaichuja kama kawaida. Ijumaa wakatoka, yeye na Nicanor, na magunia ya saruji nyuma. Miritini wakaipita. Chini ya mlima mshale ulikuwa juu, na Gershom akaanza kuhisi raha.

"Naona umelala usingizi, mshale wako," akasema. "Uamshe basi ushuke."

"Ngoja."

Wakapanda. Injini ikaanza kulia ile sauti nzito ya mlimani, joto likaingia hadi miguuni. Walipopita nusu ya mlima, mshale ukatetemeka. Ukashuka kidogo, ukarudi, ukashuka tena, na safari hii haukurudi. Gershom akagonga kioo kwa ukucha. Akagonga tena. Mshale ukaugusa mstari mwekundu, ukaupita.

Nicanor alikuwa akitabasamu, na lilikuwa tabasamu baya. "Nizime ama nisizime? Mimi ni mwongo, wewe ndio fundi. Sema."

Gershom akagonga kioo mara ya tatu.

"Sema, Fundi Nazi! Injini inakufa hii!"

"Zima," akasema Gershom. Neno hilo moja lilimpita kooni mithili ya mwiba wa changu.

Wakaweka mawe nyuma ya magurudumu, wakakaa kila mtu upande wake wa lori. Baada ya robo saa Gershom akaliwasha mwenyewe. Mshale ukapanda juu, sawa kabisa.

Hapo ufundi ukaishinda chuki, hata kwa dakika chache. Beringi zilizolika hazijai kwa kupumzika. Pampu mbovu haiponi kwa kukaa kando ya njia. Ugonjwa unaokuja na kuondoka ni wa kitu kinachotembea. Kiko kitu ndani ya sampu, huko chini inakokaa oili. Pampu ikivuta kwa nguvu chaja kuuziba mdomo wake, injini ikizimwa pampu huachia, nacho chadondoka. Uani, bila mzigo, oili haikuchemka wala kusukwasukwa vya kutosha kukiinua.

"Umeona nini?" akauliza Nicanor.

"Kesho nitafungua sampu."

"Nimeuliza umeona nini."

"Na mimi nimejibu kesho!"

Jumamosi asubuhi Gershom akalala chali chini ya namba mbili. Kutoka pale chini aliyaona mabuti ya Nicanor kando ya gurudumu, hayaondoki. Akamwaga oili kwenye karai, akafungua boliti za sampu, akaishusha juu ya kifua chake. Kwenye mdomo wa pampu pana chujio dogo la waya. Halikuonekana. Lilikuwa limefunikwa na kitu cha rangi ya kahawia, kimeshikana, laini. Akadhani ni matambara. Akavuta uzi mmoja, akaupangusa, akauweka mbele ya mwanga. Ulikuwa bapa, na ulikuwa na mkunjo katikati, mkunjo wa kufumwa.

Ukindu.

Alilala pale akiushika uzi ule. Mara Kahaso akamjia na maneno yake: chatoa nyuzi, jana tumekula mchuzi wa ukindu. Kisha kikaja kicheko cha Nicanor, siku ile ya kwanza. Yule mshenzi wa mabuti aliuona ugonjwa siku aliyoingia, kabla hata haujazaliwa, akausema kwa kinywa kikubwa mbele ya watu wote, na watu walicheka. Aibu ilimpanda Gershom kutoka miguuni, akasikia masikio yanawaka. Nyani haoni kundule, naam, lakini siku akiliona, wallahi ni siku ngumu.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kuosha chujio kwa mafuta ya taa, akazitia nyuzi mfukoni, akafunga sampu, akatoka akasema, "Sikuona kitu." Nicanor angekwenda zake saa sita na kipande kichafu. Namba mbili ingepewa dereva mwingine ikapanda Mazeras bila kusimama, na ingekuwa ushahidi mpaka mwisho wa dunia kwamba Nicanor alikuwa mwongo. Ilikuwa rahisi hivyo. Aliwaza hayo yote, na nasema wazi kwamba yalimpendeza.

Wala si huruma iliyomtoa chini ya lori. Kilichomtoa ni kiburi kile kile. Fundi aliyekosa kuuona ugonjwa, hilo laweza kumpata yeyote. Lakini fundi aliyeuona, akaushika kwa mkono wake, kisha akaukana? Huyo angekuwa muosha vyuma tu, na Gershom alikwisha kataa kurudi kuosha vyuma.

Akatoka, oili imemtiririka hadi shingoni, akampita Nicanor bila kumtazama, akaingia ofisini. Nicanor akamfuata. Bwana Kidevu alikuwa na kipande cha Nicanor wazi mezani na kalamu mkononi. Gershom akaziweka nyuzi juu ya kipande.

"Ugonjwa ndio huu, Bwana. Dereva hakusema uongo."

"Ni nini hii?"

"Ni kifumbu. Kimechakaa, kimeingia kwenye oili, kikaziba pampu."

"Kosa la nani?"

"Langu."

Bwana Kidevu, yule aliyekionyesha kifumbu kwa wageni kwa miaka saba, akanyanyua uzi mmoja kwa ncha za vidole, akaukodolea macho utadhani hajapata kuona kitu namna hiyo maishani mwake. "Mimi sikukuamuru kutumia takataka kama hii."

Gershom akamtazama. "Bwana hakuniamuru?"

"Leta kipande chako."

Akaandika. Hakuandika mengi: mzembe, ameharibu mali, asipewe mashine. Gershom alijua kusoma, akayasoma yote kichwa chini miguu juu huku wino haujakauka. Kisha Bwana Kidevu akavaa kofia yake, akaingia garini, akaenda mjini kula.

Ungedhani Nicanor angesema ahsante. Aa wapi! Alimngoja Gershom langoni, kifumbu mkononi, akamrushia kifuani.

"Umesahau kitu yako. Wiki nzima uliniita mwongo. Wiki nzima! Usitegemee mimi nikupe mkono."

"Mkono wako nautakia nini?" akasema Gershom. "Kajitie nao kitanzi."

Akashika njia ya Magongo. Hakuwa amefika mbali lori likampita, limejaa saruji hadi juu, likielekea Mazeras. Namba nne. Mwidani akatoa mkono dirishani kumpungia, "Fundi, kwaheri ya kuonana!" kwa uchangamfu wote. Gershom aliona haya, akainamisha macho, akajifanya hakumwona.

Kahaso alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Alimwona mumewe saa za kazi na kifumbu mkononi, akajua.

"Wamekufukuza."

"Wamenifukuza."

"Kwa hiki?"

"Sema basi! Sema uliniambia! Kila mtu leo ana la kusema!"

Lakini Kahaso hakusema alimwambia. Alikiokota kifumbu, akakigeuza huku na huku, akaingiza vidole vitatu mahali palipokuwa pamefumwa, vikatokea upande wa pili. Upande mzima ulikuwa umekwisha.

"Ebo, Mwarandu," akasema polepole. "Nyuzi zote hizi zimeingia kwenye lori moja tu?"

Gershom akafungua kinywa kumjibu kwa ukali, mara akakumbuka. Namba nne. Alhamisi. Kifumbu kile kile, na siku ile kilikuwa kimechakaa zaidi. Tangu alipoushika ule uzi hakuwa amewaza ila Nicanor na aibu yake. Muda wote huo lori lilikuwa uani likipakiwa, hatua ishirini kutoka alipolala, na limempita njiani akaliinamishia macho.

Alirudi mbio. Mtu wa miaka arobaini, mchafu wa oili, anakimbia barabara ya Magongo adhuhuri, na watoto nyuma yake, "Fundi Nazi! Fundi Nazi!" Akaingia langoni akihema. Nicanor alikuwa ameegemea kile kigari cha petroli cha kuvutia malori mabovu, anakula muhogo.

"Umerudi kuomba?" akauliza.

"Namba nne," akasema Gershom. "Kifumbu hiki hiki. Alhamisi."

Nicanor alikuwa ameanza kucheka. Kicheko kikakatika. "Mwidani ametoka na mzigo."

"Najua ametoka, mpumbavu wewe! Nimemwona!"

Nicanor akatupa muhogo, akaingia kwenye usukani. Alimtazama Gershom kwa jicho lile lile la siku zote. "Panda."

Kila mmoja alikuwa akijiambia jambo moja: atazima. Mshale ukishuka, Mwidani atazima, amri anaijua. Miritini hawakumkuta. Chini ya mlima hawakumkuta. Gershom akatoa kichwa dirishani kusikiliza, na kabla hajaliona lori akaisikia injini, na hakuhitaji kijiti. Ilikuwa inagonga, nzito, chuma kwa chuma.

Namba nne ilikuwa inakaribia kileleni, inatambaa, moshi mweusi nyuma. Nicanor akaipita, akaweka kigari mbele yake katikati ya njia. Wote wawili wakaruka chini. Mwidani alikuwa amening'inia kwenye usukani, jasho limemlowesha shati, na alipowaona akacheka meno yote nje.

"Fundi!" akapaza sauti juu ya makelele yale. "Mshale umelala tangu kule chini, umelala kabisa! Yagonga, naisikia, lakini mimi sikuzima! Mwambie Bwana, wallahi sikuzima hata mara moja!"

Nicanor akapitisha mkono dirishani, akavuta waya wa kuzimia. Injini ikakoroma, ikasimama ghafla kwa mkwaruzo mmoja, na Gershom akajua haitawaka tena.

Mwidani akamtazama mmoja, akamtazama wa pili. Kicheko kilikuwa bado usoni mwake, kinangoja.

"Fundi," akasema, "sikuzima."